Kampuni Tu Ndiyo Imebadilika

Mtaa mzima ulimwita kinyozi yule Mkono wa Pamba, na hakuna aliyelipinga jina hilo. Wembe wake wa kukunja ulipita shavuni taratibu kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha ya marehemu. Wanaume waliingia dukani kwake wamefura kwa hasira za kazini, wakaegemea kiti chake cha kuzunguka chenye ngozi iliyopasuka, na kabla povu halijafika kidevuni walikuwa wanakoroma. Akimaliza huwagusa bega na kuwaambia, "Umekwisha, baba," maneno ambayo mgeni akiyasikia kwa mara ya kwanza hukurupuka na kujipapasa shingo.

Siri ya mkono huo haikuwa mkononi. Ilikuwa kwenye kichupa cha plastiki chenye kifuniko cha kijani, kilichokaa dirishani jikoni kati ya chumvi na kiberiti. Miaka ya nyuma tezi yake ya shingoni iligoma kufanya kazi. Akawa mtu wa kusikia baridi juani na kusinzia amesimama, mpaka daktari wa kliniki alipompa vidonge vidogo vyeupe, kimoja kila asubuhi kabla ya chai, maisha yake yote. Daktari alimwambia na jambo lingine, akalirudia ili lisisahaulike: dawa hiyo hutengenezwa na viwanda vingi, kwa hiyo akishazoea ya kiwanda kimoja abaki nayo hiyohiyo, na ikibidi kubadilisha aje aseme, apimwe damu upya.

Mzee alilishika hilo kama amri. Kila kichupa kilipokaribia kwisha alimkabidhi mkwe wake kwa mikono miwili na kumwambia, "Iwe hii hii, mwanangu."

Mkwe huyo walimwita Bi Harusi. Alikuwa mke wa mtoto wa pekee wa mzee, fundi umeme aliyefanya kazi mbali na kurudi nyumbani mara chache. Harusi yenyewe ilikuwa imepita zamani, hata picha zake zilianza kupauka ukutani, lakini jina lilimganda kwa sababu naye aliganda: bado alitazama chini, bado aliongea kama anayeomba radhi kwa kupumua. Mama mkwe wake, aliyeuza viatu vya mitumba na ambaye mdomo wake haukujua kufuli, alikuwa akisema kwamba binti huyu akikanyagwa mguu atamwuliza aliyemkanyaga kama hakuumia.

Mwanzo kazi ya dawa ilikuwa rahisi. Bi Harusi alifika famasi ya kona, akaweka kichupa kwenye kaunta bila kusema neno, na muuza dawa akampa kingine kama hicho. Huyu muuza dawa walimwita Koti Jeupe, kwa sababu hakulivua koti lake hata akienda kununua mkate. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye ndevu zilizotunzwa kama bustani, na tabia ya kuita kila mtu dada au mzee wangu.

Siku moja akaweka kwenye kaunta kichupa chenye kifuniko cha buluu.

Bi Harusi alikitazama. Akakitazama na cha kwake cha kijani. Koti Jeupe akaona macho yanavyokwenda huku na huku, akatabasamu.

"Usiwe na shaka, dada. Dawa ni ileile, kampuni tu ndiyo imebadilika."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema hapana. Alilitafuta neno, akalipata, akalileta mpaka kwenye meno, na alipofungua mdomo likatoka ahsante. Njiani alijisema vibaya sana. Kurudi na kichupa cha buluu kulimaanisha kumweleza baba mkwe kwamba alishindwa kukataa, na mtu aliyeshindwa kumkatalia muuza dawa angeanzia wapi kumweleza mzee? Basi alipofika nyumbani akajibanza nyuma ya mlango wa jikoni, akamimina vile vidonge vipya ndani ya kichupa cha zamani, na kile cha buluu akakizika kwenye pipa la taka chini ya maganda ya viazi. Vidonge vilifanana, ila hivi vipya vilikuwa na mstari katikati. Mzee alimeza dawa kabla ya kuvaa miwani. Angeuona wapi mstari?

Alijiambia ni mara hii tu. Mara iliyofuata alijiambia hivyohivyo.

Baada ya wiki kadhaa Mkono wa Pamba akaanza kupungua mwendo. Alipaka povu shavu moja, akasimama kulifikiria la pili. Siku moja alisinzia wembe ukiwa hewani, na mteja, ambaye naye alikuwa amesinzia, aliamka akakuta povu limemkauka usoni na mzee anakoroma wima mbele yake. Wateja walicheka. Walisema sasa duka limekuwa nyumba ya wageni, ukilala na mwenyeji analala. Mzee akaenda kliniki. Daktari akapima damu, akauliza kama dawa imebadilishwa, na mzee akatoa kichupa chake cha kijani mfukoni kwa fahari, kama mwanafunzi aliyemaliza kazi ya nyumbani. Daktari akakisoma, akaridhika, akaongeza kipimo.

Safari iliyofuata Koti Jeupe alitoa kifuniko cha rangi ya chungwa. Dawa ilikuwa ileile. Bi Harusi akashukuru.

Sasa mkono ukakataa kutulia. Mzee alijaa jasho kwenye kivuli, moyo ulimwenda mbio, na wembe ukawa unacheza ngoma yake peke yake. Mwalimu mmoja mstaafu aliingia na sharubu mbili akatoka na moja na nusu. Alikuwa mtu muungwana, akasema hata hivyo zilikuwa zinamchosha, lakini hakuonekana tena. Mzee alilaumu feni. Feni ikazimwa, wateja wakaiva kwa joto, mkono ukaendelea. Akalaumu chai, akaacha chai, akawa mkali. Akalaumu kiti, akaweka vipande vya kadibodi chini ya mguu wake mmoja, na tangu hapo kila aliyeketi alinyolewa akiwa ameinamia upande wa mlango, jambo ambalo wakorofi walisema ni vizuri, maana kukimbia ni rahisi.

Mke wake hakucheka. Aliongea na mwanawe kwenye simu, na mwana akasema baba amefanya kazi vya kutosha, apumzike, kiti kiuzwe. Mnunuzi alikuwepo: kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mwenye taa za rangi na muziki wa kutikisa vioo, alikitamani kiti hicho tangu zamani. Mkono wa Pamba hakubisha. Aliomba tu muda mpaka mvua ziishe.

Kila jioni baada ya kufunga alikuwa akikipangusa kiti kwa kitambaa chenye mafuta. Bi Harusi alimletea chupa ya maji moto akamkuta hivyo, kitambaa kinatetemeka juu ya ngozi iliyopasuka, na mzee anakisemesha kiti kwa sauti ndogo kama mtu anayeaga mgonjwa. Alitaka kusema palepale. Alijikaza kisabuni, akasogea, akaita, "Baba." Mzee akageuka. Bi Harusi akamwambia maji yako hapa, akaondoka.

Walikwenda kliniki wote watatu, kwa sababu mama mkwe alisema safari hii atamwuliza daktari mwenyewe. Bi Harusi alibeba kichupa. Daktari akasoma majibu ya damu, akasoma yale ya mwanzo, akakuna kichwa. Alisema hajui tena aongeze au apunguze, maana damu ya mzee inapanda na kushuka kama mtoto kwenye ngazi. Akaomba kichupa. Akakigeuza, akasoma tarehe iliyoandikwa chini, na nyusi zikapanda.

"Mzee, hii dawa iliisha muda wake zamani."

Kisha akavimimina vidonge kwenye karatasi nyeupe. Kulikuwa na vilivyo na mstari, vilivyo laini bila mstari, na vingine vilivyopigwa chapa ya herufi ndogo. Bi Harusi akafungua mdomo, lakini mama mkwe akamtangulia.

"Mimi nilikuwa najaliza tu," akasema.

Ikawa kama bomba lililopasuka. Mama mkwe alieleza kwamba kila akiona kichupa kinakaribia kwisha alinunua kidogo kwenye famasi ya karibu na soko, akaongezea kimyakimya, ili binti wa watu asije akalaumiwa kwa kuchelewa. Walimpa vyenye herufi, wakamwambia dawa ni ileile. Bi Harusi naye akasema ya kwake, kwa sauti ambayo daktari alilazimika kuinama kuisikia: kifuniko cha buluu, kifuniko cha chungwa, maganda ya viazi. Alipomaliza alisubiri paa liporomoke. Badala yake baba mkwe alikohoa, akavua kofia, akaikagua ndani.

"Kuna na vichache vyangu humo," akasema. "Nilivinunua karibu na duka. Niliogopa vikiisha hawa wawili watagombana."

Daktari aliweka kalamu chini. Alijifunika uso kwa viganja na mabega yakaanza kutikisika, wakadhani analia.

"Mzee," akasema alipopata pumzi, "wewe humezi dawa. Wewe unameza mkutano."

Halafu akawa daktari tena. Alieleza kwamba hakuna kidonge hata kimoja pale kilicho kibaya. Kila kiwanda dawa yake ni nzuri, ila mwili wa mzee ni mwepesi wa kuhisi tofauti ndogo, na kurukaruka ndiko kulikomtikisa. Yeye mwenyewe naye alikuwa ameongeza kipimo gizani. Akarudisha kipimo cha zamani. Akasema watafute ile ya kifuniko cha kijani, ambayo mzee alikaa nayo salama miaka, na wasiiache. Wakiikosa kabisa wachague nyingine moja, waje wamwambie, na kwa vyovyote mzee asikae bila dawa. Damu ingepimwa tena baada ya wiki kadhaa.

Njiani kurudi mzee hakumgombeza mtu. Alisema tu kwamba nyumba yake ina huruma nyingi kuliko akili. Mke wake akamwambia ajisemee nafsi yake.

Kesho yake Bi Harusi alisimama mbele ya kaunta akiwa amefanya mazoezi njia nzima. Koti Jeupe akaweka kifuniko cha buluu, akasema maneno yake yaleyale, na yeye akasema ahsante. Lakini safari hii hakujibanza nyuma ya mlango. Alikiweka kichupa cha buluu mezani mbele ya wote, akakaa, akatazama mikono yake. Mama mkwe akasema angalau sasa kosa linakuja na uso wake. Akajifunga kanga, akaenda mwenyewe kupambana.

Alirudi amelowa jasho na hana kitu. Koti Jeupe hakumkosea adabu. Alisema ya kijani ipo, lakini msambazaji haileti mpaka aagizwe katoni nzima, na yeye katoni nzima amwagizie nani, mzee mmoja? Zilizobaki zingemwozea rafuni. Mama mkwe alimtajia ukoo wake wote, na Koti Jeupe akampa peremende ya koo.

Mvua zikaanza kupungua. Mzee akawa anameza ya buluu, na mkono bado haukueleweka. Kinyozi wa ng'ambo alivuka barabara akapima kiti kwa kamba, kwa heshima, akiomba radhi kila alipokigusa.

Ndipo siku moja mchana Koti Jeupe mwenyewe akaingia dukani, koti na yote, amejaa furaha. Alikuwa anakwenda kuonana na wazazi wa mchumba wake kwa mara ya kwanza na alitaka ndevu zote ziondoke, uso uwe kama yai, kwa sababu baba wa binti hapendi vijana wenye ndevu. Akaruka kwenye kiti, kikamwinamisha upande wa mlango. Waliokuwa kwenye benchi walitazamana.

Mkono wa Pamba alimpaka povu. Hilo aliliweza. Akakunjua wembe. Ulipokaribia sikio la mteja ulianza kutetemeka, na nuru yake ikawa inarukaruka ukutani kama ndege aliyefungiwa. Koti Jeupe aliiona kwenye kioo. Aliacha kuongea katikati ya neno. Mzee akajaribu tena, akavuta pumzi, akajaribu kwa mikono miwili, kisha akaukunja wembe na kuuweka mezani.

"Mwanangu, nitakukata," akasema. "Nenda kwa mwenzangu pale ng'ambo. Atakunyoa vizuri."

Koti Jeupe aling'ang'ania mikono ya kiti. Alisema hapana, kwa jirani alishakwenda mwaka jana, na aliporudi nyumbani uso ulijaa vipele hata mama yake mzazi alimpisha njia. Kinyozi yule si mbaya, wembe wake ni mpya, sabuni yake nzuri.

"Lakini ngozi yangu haimtaki, mzee wangu. Nimekuzoea wewe. Siwezi kubadilisha."

Bi Harusi alikuwa mlangoni na chupa ya maji moto. Alikuwa amekuja kuiweka na kuondoka, kama kawaida. Baadaye watu waliokuwepo waliapa kwamba hakuinua sauti, kwamba aliongea polepole kabisa, na ndiyo maana kila mtu alisikia.

"Kinyozi ni yuleyule, kaka," akasema. "Kampuni tu ndiyo imebadilika."

Mtu mmoja kwenye benchi alipaliwa. Koti Jeupe aligeuza kiti polepole mpaka akamtazama, uso wote povu, macho mawili tu yanaonekana. Alimtazama Bi Harusi, akautazama mkono wa mzee, akautazama wembe. Watu waliona jambo linaingia kichwani mwake na kutafuta pa kukaa. Kisha akacheka, akacheka mpaka povu likarukia kioo.

"Dada, wewe miaka yote hii ulikuwa unanishukuru tu," akasema. "Kumbe ulikuwa unaniwekea."

Bi Harusi alitamani sakafu ipasuke. Lakini haikupasuka, na alipoinua macho alimwona baba mkwe wake anamtazama kama mtu aliyesikia redio yake iliyokufa ikilia. Koti Jeupe akatoa simu palepale kitini, akampigia msambazaji, akaagiza katoni ya kijani. Alipokata simu akauliza lini ndevu zake zitanyolewa.

Mkono wa Pamba alimfuta povu kwa taulo, shavu hili na shavu hili, kwa upole wote aliokuwa nao.

"Ndevu zako na mkono wangu vitasubiriana," akamwambia.

Ikawa hivyo. Koti Jeupe aliomba udhuru kwa wakwe, akasema ana safari ya kikazi. Ndevu zikakua, zikafunika kola ya koti. Mtaa ukawa unamsalimia kwa kumwuliza mzee anaendeleaje, na yeye mwenyewe alianza kupita kinyozini kila asubuhi kumwuliza Mkono wa Pamba kama amemeza, kama amemeza kabla ya chai, na kumwomba anyooshe vidole vionekane. Hakuna mgonjwa aliyewahi kufuatwafuatwa namna ile. Mzee sasa alivaa miwani kwanza ndipo akafungua kichupa, na mke wake alikatazwa kukikaribia hata kwa kukifuta vumbi. Hilo lilimuuma, lakini alikubali.

Damu ilipopimwa, daktari alitabasamu akasema dawa isiguswe tena.

Siku ya kunyoa, duka lilijaa watu ambao hawakuwa na nywele za kunyoa. Zile kadibodi zilikuwa zimetolewa na kiti kimenyooka. Mzee akakunjua wembe, akausogeza sikioni, na nuru yake ikatulia ukutani, imekaa kimya mahali pamoja. Ukateremka shavuni. Ulipofika kidevuni, Koti Jeupe alikuwa anakoroma. Kinyozi wa ng'ambo alikuwa amefika na rafiki zake wawili kuchukua kiti. Alisimama mlangoni akatazama shavu lile moja lililokamilika, akawaambia rafiki zake waende, kisha akakaa kwenye benchi kusubiri zamu yake.

"Umekwisha, baba," mzee akasema.

Koti Jeupe alipokwenda ukweni alimwacha dada yake kwenye kaunta. Siku hiyohiyo Bi Harusi alitumwa dawa. Dada mtu alikuwa mchangamfu kama kaka yake. Alipekua rafu, akakosa, akaweka mbele yake kifuniko cha zambarau.

"Dawa ni ileile, dada yangu, kampuni tu ndiyo..."

"Siyo hii," mtu akasema.

Bi Harusi aligeuka kuona ni nani aliyesema. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Akageukia kaunta tena, mashavu yanawaka, akakisogeza kile kichupa cha zambarau kwa kidole kimoja mpaka kikafika upande wa pili.

"Za kijani kaka yako huziweka chini, nyuma ya sabuni," akasema. "Nitasubiri."

Akakaa kwenye benchi la hapo famasi, akaweka mikono mapajani, na akamtazama dada yule usoni muda wote aliokuwa anainama kutafuta.